Ajvar ya kilo tatu: hoho za kuchoma kwa jiko la nyumbani

Maswali ya ajvar ni yaleyale kila msimu. Mbona yangu imekuwa maji? Mbona chungu? Blenda inafaa? Hoho za kijani je? Itakaa siku ngapi nje ya friji? Mwongozo huu unayajibu kwa kupika, kwa kipimo kinachoingia kwenye sufuria moja ya kawaida.

Kwa asiyeijua: ajvar (tamka "aivari") ni rojo zito la hoho nyekundu zilizochomwa, zikamenywa, zikasagwa, kisha zikakaangwa taratibu kwenye mafuta mpaka maji yakauke. Kwao ni Makedonia Kaskazini, Serbia, Kosovo, Bosnia na majirani zao wa Balkani. Kule hupikwa Septemba na Oktoba, hoho zinapofurika sokoni. Watu hununua kwa magunia, jiko hutolewa uani, na nyumba nzima hushinda ikichoma na kumenya ili chupa zitoshe majira yote ya baridi. Jina limetoka kwenye neno la Kituruki *havyar*, yaani mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi. Kusini mwa Serbia, ajvar ya Leskovac imepata sifa kiasi kwamba jina lake linalindwa kisheria.

Wewe huhitaji gunia wala siku nzima. Unahitaji kilo tatu, jioni moja ya kuchoma na saa mbili za kesho yake. Kabla ya kuwasha moto shika jambo moja: hoho mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na karibu kila hatua hapa chini ni ya kuyatoa. Ukiruka moja, maji yaleyale utayakuta kwenye sufuria mwishoni, na hapo hakuna unga wala nyanya ya kopo itakayokuokoa bila kuharibu ladha.

Vitu vya kuandaa

- Hoho nyekundu zilizoiva vizuri, kilo 3. Kwa watu wa Zanzibar, tunazungumzia pilipili boga, siyo ile inayowasha.
- Biringanya moja ya wastani, gramu 300 hadi 400. Si lazima.
- Mafuta ya alizeti, mililita 150.
- Chumvi, vijiko vya chai 1½. Anza na kimoja.
- Siki nyeupe ya dukani yenye asidi ya asilimia 5, vijiko vikubwa 2.
- Kitunguu saumu, punje 3. Si lazima.
- Pilipili kali nyekundu 1 au 2, kwa anayependa.
- Sukari, kijiko cha chai kimoja, endapo hoho zako hazina utamu.

Vyombo: jiko la mkaa lenye wavu, au oveni, sufuria kubwa yenye mfuniko, chujio na kipande cha kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kuchemshwa, mashine ya kusagia nyama, kinu, au kisu kikali na ubao, sufuria pana yenye kitako kizito, mwiko wa mbao wenye ncha bapa, chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana.

Kilo 3 za hoho zitakupa kati ya gramu 800 na kilo moja ya ajvar. Usishtuke. Ikitoka nyingi zaidi ya hapo, maji bado yamo.

Kuhusu hoho zenyewe: Wabalkani hutumia aina ndefu iliyochongoka, yenye nyama nene na maji kidogo. Ukiwa Ujerumani, Uswisi au Austria, maduka ya Waturuki na ya watu wa Balkani huwa nazo, na hizo ndizo za kununua. Sokoni Dar es Salaam au Nairobi utapata zaidi zile za duara, zenye pande nne. Zinafaa, ila zina maji mengi, kwa hiyo hatua ya 5 usiifupishe hata kidogo. Chagua nzito mkononi, ngozi ikiwa imekaza, nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Yenye bega la kijani iweke dirishani siku mbili tatu ikolee. Hoho za kijani hutoa rojo lenye ukali wa majani. Wapo wanaolipika na kulipenda, lakini usitarajie utamu wala rangi ya ajvar nyekundu.

Biringanya ni ugomvi wa kudumu. Wapo wasiokubali kitu kingine zaidi ya hoho, mafuta na chumvi, na wapo wasioipika bila biringanya. Kwa hoho za duara, biringanya moja inasaidia: inashika mafuta na kuongeza uzito bila kufunika ladha. Ikizidi robo ya hoho, rangi inafifia. Nyanya acha. Ukitia nyanya umepika kitu kingine, kizuri chenye majina yake kulekule, lakini siyo ajvar.

Siku ya kwanza: kuchoma, kumenya, kuchuja

1. Osha hoho zikiwa nzima, kisha zikaushe kwa taulo kabisa. Usizikate wala usitoe kikonyo. Hoho iliyokatwa inavuja juisi motoni na kuchemka badala ya kuungua ngozi. Biringanya itoboe kwa uma mara tano sita, maana isipotobolewa hupasuka.

2. Choma. Njia iliyo bora ni mkaa ulioshika vizuri, umefunikwa na jivu jepesi, bila ndimi za moto. Panga hoho kwenye wavu sentimita tano hivi juu ya mkaa na uzigeuze kwa koleo kila upande ukiwa mweusi. Hesabu dakika 12 hadi 15 kwa kila mkupuo. Kwa oveni, washa nyuzi joto 230, panga kwenye trei kwa mstari mmoja, dakika 35 hadi 45, ukigeuza mara mbili. Kwa jiko la gesi, weka hoho moja moja juu ya mwako, dakika 8 hadi 10. Itafanya kazi, lakini kilo tatu zitakuchosha. Biringanya ichome mpaka ilegee kama begi tupu.

Unachotafuta ni ngozi iliyovimba malengelenge na kuwa nyeusi sehemu kubwa, huku nyama ya ndani ikiwa laini lakini bado nyekundu. Bonyeza kwa koleo: iliyo tayari inabonyea na hairudi. Kosa la kwanza la wageni ni woga. Wanaitoa ikiwa na madoa matatu meusi, halafu wanakaa saa mbili wakipambana na ngozi isiyotoka. Kosa la pili ni kinyume chake: moto wenye ndimi unaunguza mpaka nyama, na uchungu huo hautoki tena.

3. Zikiwa bado moto, zitupie ndani ya sufuria kubwa na ufunike. Ziache dakika 20 hadi 30. Mvuke unaachanisha ngozi na nyama. Mfuko wa plastiki unaoelekezwa na baadhi ya mapishi hauna haja hapa. Hoho zinatoka na joto kali, na mfuniko unafanya kazi ileile.

4. Menya kwa vidole. Shika kikonyo, vuta taratibu. Kwa hoho iliyochomwa vizuri kichwa hutoka pamoja na kitita cha mbegu. Pasua, mwaga juisi ya ndani, futa mbegu zilizobaki kwa mgongo wa kisu, vua ngozi. Weka bakuli la maji pembeni kwa ajili ya vidole vyako tu. Usisuuze hoho kwenye maji ya bomba. Utaondoa moshi wote uliouhangaikia na kuongeza maji ambayo kesho utayapika nusu saa zaidi. Vipande vichache vya ngozi nyeusi havidhuru. Mbegu ndizo za kutoa kwa makini kwa sababu huleta uchungu na kukwaruza ulimi. Biringanya ipasue, ikombe kwa kijiko, na kama ina mafungu ya mbegu nyeusi uyatupe.

5. Chuja usiku kucha. Tandika kitambaa kwenye chujio, weka juu ya bakuli refu, mimina hoho na biringanya, kunja kitambaa juu, weka sahani na kopo la kilo moja liwe uzito. Ingiza friji mpaka asubuhi. Bila friji, chuja saa mbili hadi tatu kwa uzito mkubwa zaidi na upike siku hiyohiyo. Kwenye joto la pwani usiache hoho zilizochomwa zilale mezani.

Asubuhi utakuta maji mekundu, matamu, yenye harufu ya moshi chini ya bakuli. Hayo ni maji ya kupikia wali au kuongezea kwenye mchuzi wa maharage siku hiyo. Usiyarudishe kwenye hoho.

Siku ya pili: kusaga na kukaanga

6. Saga. Mashine ya kusagia nyama yenye matundu makubwa ndiyo kifaa chenyewe. Inaacha chembe unazozihisi mdomoni. Kinu kinatoa matokeo yanayokaribia hapo, ukitwanga kwa kubonyeza na kuzungusha. Kisu na ubao vinafaa kwa mwenye subira. Blenda ni ya mwisho, na ukiitumia bonyeza na kuachia, sekunde moja moja, mara nne au tano, kwa mafungu madogo, na usiongeze maji ili visu vizunguke. Ukiiacha izunguke, hoho zinakuwa uji wa mtoto: zinajaa hewa, rangi inageuka kuwa ya chungwa, na uji huo hurusha matone sana motoni.

7. Kaanga. Hapa ndipo ajvar inapopatikana au kupotea, basi tulia.

Weka sufuria pana kwenye moto wa wastani na vijiko vikubwa 3 vya mafuta. Yakipata joto (yasitoe moshi), mimina rojo lote pamoja na kijiko cha chai cha chumvi. Likianza kutokota, shusha moto. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa mpaka mapovu yawe yanapasuka moja moja.

Koroga kila baada ya dakika mbili, ukikwangua kitako na pembe zote. Kila dakika 10 hadi 15 ongeza vijiko vikubwa 2 vya mafuta na uyachanganye mpaka yapotee ndani ya rojo. Usimimine yote mwanzoni: yataelea juu, rojo litaungua chini, na utadhani limeiva kumbe limezungukwa tu na mafuta.

Dakika 20 za kwanza ni za kurusha matone. Rojo linatoa "bwata, bwata", na tone moja likikupata mkononi linanata na kuunguza. Vaa mikono mirefu na weka watoto mbali. Usifunike kwa mfuniko mzima, kwa maana mvuke utarudi ndani. Chujio la waya lililofunikwa juu linatosha.

Kati ya dakika ya 40 na ya 60 mambo yanabadilika. Sauti inatoka kwenye "bwata" na kuwa mchirizo mwembamba, kama kitunguu kinachoanza kukaangika. Rangi inatoka nyekundu angavu na kuwa nyekundu iliyoiva, ya udongo. Pembeni mwa sufuria panaonekana mstari mwembamba wa mafuta yenye rangi ya hoho. Hapo koroga bila kuondoka, kwa sababu sukari ya hoho imekolea na inashika chini kwa dakika moja tu.

Jaribu hivi: pitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka chini. Njia ikifunga mara moja, bado. Ikifunga polepole kama uji mzito, bado kidogo. Ikibaki wazi, kitako kikionekana kwa sekunde tatu, na mafuta yakichuruzika ndani ya njia hiyo badala ya maji, imeiva. Kwa kipimo hiki ni dakika 60 hadi 90. Kule Balkani, kwa masufuria makubwa, huenda saa tatu na zaidi.

8. Koleza. Ponda kitunguu saumu na ukiweke dakika 15 kabla ya kuepua, pamoja na pilipili kali iliyokatwa ndogo. Kikitangulia mapema kinaungua na kuleta uchungu. Kikiachwa kibichi ndani ya rojo la mafuta ni hatari kukihifadhi. Siki iingie dakika 5 za mwisho. Onja chumvi wakati huo, siyo kabla, maana kila maji yanavyopungua chumvi inazidi. Ukihitaji sukari, nusu kijiko kwanza.

9. Jaza chupa. Ziwe zimechemshwa dakika 10 na kukauka kabisa; tone la maji ndani linaalika ukungu. Jaza ajvar ikiwa moto, kandamiza kwa kijiko kutoa mifuko ya hewa, acha nafasi ya sentimita mbili, mwagia juu mafuta kidogo yafunike uso, funga. Zikipoa, moja kwa moja kwenye friji.

Kuhifadhi: soma hapa kabla ya kupanga chupa kabatini

Utasikia kwamba Balkani chupa hukaa stoo mpaka majira ya kuchipua. Ni kweli, lakini kule hupika kwa mafuta na siki kwa vipimo vyao, huoka chupa zilizojazwa, na huziweka kwenye vyumba vya chini vyenye baridi. Ajvar ya mwongozo huu haikutengenezwa kukaa nje ya friji, na kipimo cha siki kilichomo ni cha ladha tu.

Hoho zilizochomwa zina asidi kidogo. Tabaka la mafuta linazuia hewa, na bakteria wa *Clostridium botulinum* hustawi palepale pasipo na hewa. Sumu yake inaweza isibadilishe harufu, rangi wala ladha, kwa hiyo kuonja hakukuhakikishii chochote. Utaratibu ni huu:

- Friji, nyuzi joto 4 au chini: wiki moja hadi siku kumi. Chota kila mara kwa kijiko safi na kikavu.
- Friza: miezi mitatu bila kupoteza ladha. Gandisha kwenye trei za barafu, kisha hamishia kwenye kopo. Vipande viwili vinatosha mlo wa mtu mmoja.
- Huna friji: choma kilo moja tu na iliwe siku hiyohiyo.
- Kifuniko kilichovimba, mapovu, au chupa iliyosahauliwa nje usiku mzima: tupa bila kuonja.

Ikienda kombo

*Imekuwa maji, na kesho yake maji yamejitenga juu.* Hukuchuja vya kutosha au uliepua mapema. Irudishe kwenye sufuria pana siku hiyohiyo, moto mdogo, dakika 20 hadi 30, ukikoroga. Sufuria nyembamba na ndefu nayo husababisha hivi, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea.

*Chungu.* Onja kwanza uone ni uchungu gani. Wa majivu ni nyama ya hoho iliyoungua au rojo lililoshika chini. Wa mbegu unabaki nyuma ya ulimi. Wa kitunguu saumu unapanda puani. Sukari nusu kijiko na siki kijiko kimoja hupunguza uchungu wa mbegu. Wa majivu hauponi. Rojo likishika chini ukiwa bado unapika, usikwangue: hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine mara moja.

*Mafuta yanaelea kwa wingi.* Moto ulikuwa mkali, au mafuta yaliingia yote kwa pamoja. Yachote kwa kijiko uyatumie kwingine, kisha koroga rojo kwa nguvu likiwa vuguvugu.

*Rangi ya kahawia.* Moto mkubwa mwishoni, au biringanya imezidi. Ladha inaweza kuwa nzuri tu.

*Haina harufu ya moshi.* Umetumia oveni. Mara nyingine choma hata robo ya hoho kwenye mkaa, na zilizobaki ziende oveni. Hiyo robo inatosha kubadilisha sufuria nzima.

*Ngozi haitoki.* Irudishe hoho motoni dakika tatu, kisha ifunike tena. Usianze kukwaruza kwa kisu, utapoteza nusu ya nyama.

Kuila siku za kawaida

Kwao huliwa kwa mkate na jibini nyeupe ya chumvi, au pembeni ya kababu ndogo za kuchoma ziitwazo ćevapi. Basi kwa mishikaki na nyama choma inaingia bila kuuliza. Paka kijiko kimoja kwenye chapati ya moto, weka yai la kukaanga, kunja. Kwenye mchuzi wa samaki au kuku, vijiko viwili wakati kitunguu kinaiva vinaupa mchuzi uzito na rangi, na nyanya unaweza kupunguza nusu. Muhogo wa kuchemsha unaipenda sana kwa sababu wenyewe hauna mafuta. Kwa maharage, weka ukishaepua. Ukiichemsha muda mrefu moshi unapotea.

Chupa ikiisha, usiioshe mara moja. Mafuta mekundu yaliyobaki kitakoni yanatosha kukaangia mayai mawili.